Mshale wa Geji

Jumamosi asubuhi, mwezi wa Agosti 1957, mtungi wa chuma wa rangi ya buluu uliteremshwa kutoka behewa la mizigo katika stesheni ya Dodoma. Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Kikaratasi kilichofungwa shingoni kilisema kwamba ni mali ya daktari wa meno, utunzwe katika gereji ya Ramniklal mpaka mwenyewe afike kwa treni ya Jumatatu.

Mustapha, fundi wa gereji hiyo, aliubeba begani. Ndani mlikuwa na gesi ya usingizi, na gesi hiyo ilimhusu. Binti yake Zaitun alikuwa na jipu kwenye gego la juu, na shavu lilikuwa limevimba hata jicho la upande ule halifunguki vizuri. Mganga wa zahanati alimwambia Mustapha kwamba sindano ya ganzi haishiki mahali penye usaha. Jino ling'olewe mtoto akiwa amelala, na lisicheleweshwe. Ramniklal ndiye aliyemwomba daktari, jamaa yake wa Dar es Salaam, aje na gesi. Wenye maduka mjini walizijua habari hizo, kwa kuwa Ramniklal mwenyewe aliwasimulia.

Ramniklal alikuwa amesomea mitambo Bombay. Aliuweka mtungi juu ya meza ya kazi, akayasoma maandishi yake, kisha akauzunguka.

"Wakati wa vita," alisema, "marubani waliilisha injini gesi hii. Injini ni jiko, Mustapha. Petroli ni mkaa, hewa ni kipepeo. Gesi hii inapepea kuliko hewa. Ukiongeza na petroli kidogo, gari linaruka."

"Unaiwazia Morris yako?"

"Naiwazia kesho."

Jumapili kulikuwa na mashindano ya magari kwenye barabara ya Msalato. Shiraz, muuza vitambaa, alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo kwa Ford Zephyr yake, na kila Ramniklal alipopita dukani kwake aliulizwa kama Morris bado inanyonya.

"Na ya Zaitun?" Mustapha aliuliza.

"Mtungi huu unalaza watu wengi. Sisi tunataka tone tu."

"Wewe ndiye uliyesoma, Bwana Ramnik."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Ramniklal alichonga kiungio, akapitisha bomba jembamba la shaba kutoka kwenye mtungi hadi kwenye kabureta, akaweka koki karibu na mkono wa dereva. Mtungi aliufunga nyuma ya kiti, kichwa chini. Alimweleza Mustapha sababu. Gesi hii imeshindiliwa mpaka ikawa majimaji, kama maji ndani ya debe. Ukiusimamisha mtungi, unatoka mvuke wa juu tu. Ukiupindua, yanatoka majimaji yenyewe, na hayo ndiyo yenye nguvu. Maelezo hayo yalikuwa sahihi.

Kisha alifunga geji aliyoitoa kwenye mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Katika gereji ile gesi ilipimwa kwa njia moja. Mshale ukiwa juu, mtungi umejaa. Ukishuka nusu, imebaki nusu. Hakuna fundi aliyewahi kuona geji hiyo ikikosea.

Walijaribu gari mara kadhaa kwenye njia ya Ipagala. Koki ilipofunguliwa, injini ilibadili sauti na Mustapha akabanwa kwenye kiti. Waliporudi, bomba lilikuwa na barafu nyeupe juu yake na mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Mustapha aliutazama. Walikunywa chai. Walipoutazama tena, mshale ulikuwa umepanda mahali pake.

"Umerudi," alisema Mustapha.

"Basi hatujatumia kitu."

Jumapili Shiraz alikuja amevaa miwani ya jua, akaegemea mlango wa Morris.

"Ramnikbhai, umeleta na punda wa kuikokota ikichoka?"

"Punda nimemwona. Amevaa miwani."

Watu walicheka, na Shiraz naye akacheka. Bendera ilishushwa. Zephyr ilitangulia mpaka kwenye mti uliowekwa alama ya nusu ya njia. Hapo Ramniklal alifungua koki, wala hakuifunga mpaka alipopita mwisho. Alishinda kwa zaidi ya urefu wa magari matatu. Shiraz alifungua boneti ya Morris kwa mkono wake mwenyewe na hakuelewa alichokiona. Watu walimbeba Ramniklal juu, vumbi likawajaa wote.

Alipofika gereji aliufungua mtungi mwenyewe kutoka nyuma ya kiti. Alipounyanyua aliona kwamba ni mwepesi kuliko alivyouweka. Aliutazama mshale: ulikuwa chini. Mizani ya kupimia vyuma chakavu ilisimama mlangoni, hatua chache tu. Ramniklal hakwenda kwenye mizani. Aliulaza mtungi juu ya gunia, akaoga, akala. Magharibi alirudi, akakuta mshale umepanda kama jana. Alifungua geji, akaufuta mtungi vumbi, akaufungia stoo.

Daktari alifika Jumatatu. Alifungua kazi yake katika chumba cha nyuma cha dispensari moja ya mtu binafsi, akaunga mtungi kwenye mashine yake pamoja na ule mdogo wa oksijeni aliokuja nao. Geji yake ilionyesha kujaa. Tabu, mama yake Zaitun, alibaki kwenye benchi la nje. Mustapha aliingia na mtoto. Ramniklal aliingia pia, kwa sababu daktari alimwita asimame karibu, na kwa sababu alitaka kuwapo.

Zaitun alivishwa kifuniko cha mpira puani, akahesabu, akanyamaza. Daktari alipasua jipu, usaha ukatoka, akashika jino. Jino lilivunjika, mizizi ikabaki. Alikuwa anafukua mzizi wa kwanza wakati mfuko wa mpira wa mashine ulipoanza kunywea. Mshale wa geji, uliokuwa juu muda wote, ulianguka moja kwa moja hadi sufuri.

Zaitun alifungua macho.

Daktari alisema haiwezekani kuacha. Mustapha alishika kichwa. Ramniklal alishika miguu. Mtoto alikuwa na nguvu ambayo hawakuitarajia. Sauti yake ilifika kwenye benchi la nje, na Tabu akaingia bila kuitwa, akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Mizizi miwili iliyobaki ilichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya kwanza.

Kazi ilipokwisha, daktari aliunyanyua mtungi kwa mkono mmoja, akautikisa.

"Mtupu," alisema kwa Kigujarati. "Geji haisemi lolote hapa, inasoma mvuke tu. Maadamu kuna tone la majimaji mshale unakaa juu. Gesi hii hupimwa kwa uzito. Niliuamini kwa kuwa ulitoka kiwandani umejaa. Nani aliubeba? Fundi wako aliacha koki wazi?"

"Hapana," Ramniklal alijibu kwa Kigujarati. "Ni mimi. Niliuweka kwenye gari. Jana."

Daktari alianza kuosha vyombo vyake.

Tabu hakuelewa neno hata moja. Alimfuta Zaitun damu kidevuni, akamsimamisha, akamshika bega na kumgeuza.

"Mwamkie Bwana Ramnik. Mshukuru. Bila yeye tungempata wapi daktari?"

"Shikamoo," Zaitun alisema kupitia pamba, akanyoosha mkono. "Ahsante."

Ramniklal aliupokea mkono. Ulikuwa wa moto. Hakuitikia. Alimtazama Mustapha, ambaye Kigujarati alikijua cha spana na skrubu tu, lakini alikuwa ameuona mtungi ukitikiswa. Mustapha naye alimtazama, wala hakumsaidia.

"Mama Zaitun," Ramniklal alisema. "Gesi ilikwisha kwa sababu yangu. Ilikuwa ya mtoto. Mimi niliitia kwenye gari, nishinde."

"Gari gani?"

"La mashindano. Msalato."

Tabu alimgeukia mumewe. "Ulijua?"

"Nilikuwepo," alisema Mustapha. "Mshale ulikuwa juu."

"Mshale," alisema Tabu.

Aliutoa mkono wa Zaitun kwenye mkono wa Ramniklal. Akamwambia mtoto aume pamba vizuri, isidondoke. Akamfunika kichwa kwa khanga, wakatoka nje kwa miguu, Mustapha nyuma yao.