Dakika Arobaini na Tano kutoka Mwanza

Duara, shimo la wachimba dhahabu, liliporomoka saa nane mchana. Ilipofika saa kumi na moja, wachimbaji walimfikisha Mogesi kwenye zahanati ya nesi Laurensia, nje kidogo ya Kisaka. Alikuwa kijana wa Gorong'a, mwenye miaka ishirini na mbili. Hakuwa na jeraha la kutisha, ila tumbo lilikuwa gumu kama ubao na mapigo ya moyo yalikuwa yakikimbia. Laurensia alielewa: damu ilikuwa ikivujia ndani.

Aliita Mwanza kwa redio ya upepo, akaomba ndege ya wagonjwa. Rubani Nassib alijibu mwenyewe.

"Ni karibu kilomita mia mbili, sista. Dakika arobaini na tano. Naruka saa kumi na moja na nusu. Lakini kiwanja chenu hakina taa. Ikipita saa kumi na mbili na nusu sitatua, nitageuza."

Kwenda hospitali ya Musoma kwa gari kulichukua saa nne, na mvua za mwezi ule zilikuwa zimechimba barabara.

"Gari lipo hapa," alisema Tomaso, dereva aliyemleta mgonjwa. "Hiyo ndege ni maneno tu."

"Akirushwarushwa njiani hafiki. Tunangoja ndege."

Wakampeleka kiwanjani, amelazwa kwenye godoro nyuma ya Land Rover. Rhobi, mama yake, alishika chupa ya dripu juu.

Saa kumi na mbili na robo ikafika. Anga kimya. Ikawa na dakika ishirini. Midomo ya Mogesi ilikuwa imepauka. Ng'ombe wakaingia kiwanjani. Rhobi akampa Tomaso chupa, akakimbia kuwafukuza, akiwapigia kelele kwa Kikurya.

"Sista, unangoja afie hapa?" aliuliza Tomaso.

Laurensia alitazama saa yake. Dakika ishirini na tano. Mkono wa Mogesi ulikuwa baridi.

"Washa gari," alisema, akampokea Tomaso chupa.

Injini ikanguruma, wasisikie kingine chochote. Kule katikati ya kiwanja Rhobi alikuwa anaruka huku akionyesha magharibi kwa fimbo.

"Zima! Tomaso, zima!" Laurensia alipaza sauti.

Ndege iligusa nyasi zikiwa zimebaki dakika mbili. Nassib hakuzima injini.

"Upepo umenipiga usoni njia nzima! Nafasi ni mbili tu, mgonjwa na wewe!"

Rhobi hakubishana. Alimshika mwanawe miguu, akasaidia kumpandisha, akarudi nyuma mwenyewe kabla hajaambiwa.

Kurudi, upepo uliwasukuma. Dakika thelathini na nane tu. Usiku ule madaktari walitoa bandama iliyopasuka. Mmoja akamwambia Laurensia kwamba wangechelewa saa moja zaidi, asingepona. Aliitikia kwa kichwa, akaketi kwenye benchi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kushika chupa, akashindwa kuvikunjua.

Baada ya wiki tatu Mogesi alishuka kwenye basi la kutoka Mwanza, mjini Mugumu, amekonda, akitembea taratibu. Mama yake alikuwa amefika stendi tangu alfajiri.