Dobi Asiye na Neno

"Usingizi je? Unaupata?"

"Naupata vizuri tu," dobi akajibu, na macho yake mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi.

Nesi wa kliniki akaweka alama kwenye fomu yake. Maswali haya yalipima mtu anayabebaje mawazo na hofu zake: ukionekana umezidiwa, unaanza matibabu leo leo, ukionekana mzima, unarudi zako nyumbani. Na huko nyumbani, jamani, hapakuwa pa kurudi. Jana dada yake alimkuta amesimama, pasi imetulia juu ya shati la mteja, shati linaungua, naye analia bila sauti. Sasa dada mtu alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, roho mkononi, anaomba kaka yake aseme ukweli.

Aseme wapi! Huyu maisha yake yote ni kunyoosha. Hata hapo kitini alikuwa na leso pajani, anaipapasa kwa kiganja, anaikunja pembe kwa pembe, anaikunjua, anaanza tena.

"Wasiwasi?"

"Sina neno."

"Ukizidiwa unafanyaje?"

"Napiga pasi."

"Na nguo zikiisha?"

Kiganja kikasimama. "Nazilowesha, naanza upya." Kisha haraka haraka, "Lakini salama, nesi. Tunashukuru."

Nesi akaweka kalamu chini. "Kaka yangu, tangu umekaa hapo unaniitikia tu. Hizi si salamu. Nikikuuliza umelalaje, sitaki adabu zako, nataka kujua umelalaje."

Dobi akacheka kidogo, kwa aibu. Alilelewa hivyo: ukiulizwa hali, unasema nzuri, hata kama paa limeezuliwa. Mabaya yanakuja baadaye, taratibu, baada ya kusema "ila." Kwake yeye hiyo ila haikuwahi kufika. Ilimkaa kooni miaka, na ilimuumiza.

"Haya, tuanze mwanzo kabisa," nesi akasema kwa upole. "Kaka, hujambo?"

"Si..."

Neno likakwama. Alilisema maisha yake yote, asubuhi na jioni, na leo halikutoka.

"Ninalo," akasema. "Nesi, jambo ninalo."

Nje, benchi likalia. Mtu alikuwa amesimama ghafla. Nesi hakuandika kitu. Alisogeza kiti chake karibu, akangoja.

Dobi akaichukua ile leso, akajifuta uso, akaifumbata. Alipoanza kusimulia aliiacha mezani hivyo hivyo, imelowa, na mikunjo yake yote.