Kitenzi cha Mwalimu Nathanaeli

Mwalimu Nathanaeli aliweka barua mezani kwangu, akaisukuma kwa vidole viwili. Alitaka uhamisho kutoka Nduguti aje kufundisha hapa Kiomboi, kwa sababu mke wake, Martha, alikuwa anaumwa tumbo tangu masika na hospitali iko hapa. Safari za lori zilikuwa zinammaliza. Mimi ndiye karani wa ofisi ya elimu. Barua zote za walimu hupitia kwangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Eeh! Si Yustina wewe? Hicho Kiingereza unachopiga kwenye mashine nilikufundisha mimi!"

Kweli, alinifundisha yeye.

Ulikuwa mwaka wa njaa, Uhuru ukiwa bado mbichi, nami nilikuwa darasa la nne katika shule ya kijiji chetu, upande wa Kinampanda. Kanuni yake ilikuwa moja: mdomo useme, mwili utende. Kitenzi cha kufagia ulikisema huku unafagia. Cha kukimbia alipewa Gabrieli, akazunguka shule mara mbili akipiga kelele "I am running", nasi tukashangilia. Siku moja akaandika ubaoni: beg. Akasema maana yake ni kuomba, lakini si kama kumwomba jirani jembe; ni kuomba kwa mtu asiye na kitu. Akafungua kamusi. Asili yake haijulikani sawasawa, akasema, pengine ni watawa wa zamani huko Ulaya waliokula kwa kupita mlango kwa mlango. Kisha akatutazama, achague wa kutenda.

Mama yangu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kikapu. Darasa zima lilijua.

"Yustina, njoo. Wewe hii huna haja ya kufundishwa."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilipiga magoti, nikakinga mikono, nikasema, "I am begging." Akasema sauti haitoshi. Nilirudia mara tano, na mara ya tano nilikuwa nalia. Akaligeukia darasa: "Mmeona? Hivyo ndivyo." Halafu akaniambia, "Vizuri. Kaa."

Jioni ile Martha alikuja kwetu na unga wa mtama aliouficha ndani ya kanga. Alisema pole tu, akaondoka. Tulikula siku tatu.

Sasa niliisoma barua ya mwalimu. I most humbly beg to apply for a transfer.

"Mwalimu," nikasema, "umetumia kile kitenzi. Mdomo umesema, mwili je?"

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Aliutazama mlango, akaitazama barua, na nikaona amekumbuka. Akapiga goti moja, kisha la pili, kwenye saruji, mzee wa watu mwenye mvi, akakinga mikono.

"I am begging."

"Sauti haitoshi."

Nilimfanya arudie mara tano. Mara ya tano sauti ilimkatika.

"Vizuri," nikasema. "Simama. Njoo Ijumaa uchukue majibu. Uje na mama kabisa."

"Mungu akubariki, binti yangu. Martha anakuulizia mara kwa mara, yule mtoto alifikia wapi."

Akatoka akipangusa magoti. Nikafungua droo. Waraka nilioupiga chapa mwenyewe Jumatatu ulikuwa juu kabisa, umeshatiwa sahihi: uhamisho wa walimu wote wilayani umesimamishwa mpaka Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya, iishe. Hata angepiga magoti mwaka mzima asingepata.

Nilifurahi, sifichi. Nilikwenda nyumbani nikala nikashiba, nikalala usingizi mzuri. Furaha ile ilidumu mpaka Ijumaa, Martha aliposhuka kwenye lori amekonda, mkono mmoja ameshika tumbo, mkono mwingine ameniletea unga.