Pini Saba za Shangazi

Shangazi hakuwa mtu wa kuamini watu. Miaka thelathini ya ufundi cherehani ilimfundisha kwamba binadamu ni mwongo hata mbele ya futi: anavuta tumbo ndani apimwe, kesho nguo ikibana lawama kwa fundi. Kikulacho ki nguoni mwako, alipenda kusema, na yeye kazi yake nguo.

Basi gari la marehemu mumewe lilipoanza kufuka moshi kwenye barabara isiyo na nyumba wala duka, hakuuogopa moshi. Aliwaogopa watakaosimama kusaidia. Kwenye kiti cha nyuma palilazwa gauni jeupe la harusi ndani ya mfuko wake wa nailoni, kazi ya miezi miwili. Harusi ilikuwa saa kumi, na saa nane ilishapita. Bibi harusi ni mtoto wa kaka yake, amefiwa na mama, na Shangazi alimwapia kwamba hata mvua ya mawe inyeshe, gauni atalivaa.

Pikapu iliyobeba kreti tupu ikampita, ikapunguza mwendo, kisha ikarudi kinyumenyume.

“Hao,” akajisemea. Anayerudi nyuma ana lake.

Upesi akachomeka pini saba kwenye shingo ya mfuko wa gauni, ncha nje, pale ambapo mwizi angeshika kwanza. Dukani kwake wadokozi watatu walishaondoka wakinyonya vidole kwa dawa hiyo.

Wakashuka mwanamume mnene na mwanamke mwembamba.

“Pole, dada. Limechemsha?”

“Mume wangu yuko njiani,” Shangazi akajibu. Mumewe alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

Mwanamume akafunua boneti, akaruka nyuma. “Nyaya zinaungua! Shuka, dada, shuka!”

Shangazi hajakaa sawa, yule mwanamke akafungua mlango wa nyuma, akalikwapua gauni, akatimua mbio.

“Mwizi! Jamani, mwizi!”

Akamkimbiza na kiatu kimoja, akatumbukia mtaroni, akaibuka na tope hadi viwikoni. Ng'ambo ya mtaro akamkuta mwanamke amesimama tu, ameliinua gauni juu lisiguse vumbi. Nyuma yao mwanamume alikuwa akirushia injini mchanga, na gari zima limejaa moshi mweusi.

Shangazi hakushukuru; akanyoosha mikono.

“Nipe mwenyewe.”

“Kwa mikono hiyo? Utalichafua. Twende tukupeleke.”

Wakambana katikati kwenye pikapu. Akaihesabu kila kona.

“Mbona tunapita huku?”

“Njia ya mkato.”

Wote husema hivyo. Na huyu mwanamke, mbona mkono wake wa kushoto uko nje ya dirisha safari nzima? Anampungia nani?

Saa kumi kasoro robo wakafika. Mwanamke akawakabidhi gauni wenyeji mlangoni. Shangazi akanawa mbiombio, akalivua gauni mfuko. Gauni lilikuwa jeupe kama alivyolimaliza. Ila shingo ya mfuko ilikuwa na damu, na pini hazikuwepo.

Aibu ikamchoma mwili mzima. Akatoka peku, akaikuta pikapu ikigeuza.

“Dada, subiri!”

Mwanamke akashuka, akamnyooshea pini. “Hizi zako. Nimezitoa pale mlangoni, zisije zikamchoma bibi harusi. Uliweka ngapi?”

“Saba,” Shangazi akajibu. “Kwa nini hukusema?”

“Ningeanza kuzichomoa njiani ungenirukia kooni.” Akacheka. “Nikaona bora mkono ukae nje, damu isidondokee kitambaa. Hebu hesabu.”

Zilikuwa sita. Shangazi akaushika mkono wa kushoto, akaukunjua. Ya saba ilikuwa imezama kwenye nyama ya kiganja, kichwa tu ndicho kilichobaki nje.

Ndani wakaita, “Shangazi! Njoo umfunge zipu!”

“Nenda,” mwanamke akasema. “Hii itasubiri.”

Shangazi hakwenda. Akapiga magoti palepale getini, akalia kwa sauti, na vidole vilivyoshika pini miaka thelathini vikashindwa kuishika ile moja.