Nipe Mji

Mama yake alikuwa akimkataza kulala baada ya alasiri, akisema usingizi wa saa hizo humrudisha mtu nusu. Mwanamvua Semkiwa ana miaka sitini na mbili sasa, amefundisha hisabati mpaka akastaafu, na mambo ya kurudi nusu hayamo katika hesabu zake. Wala hakusudii kulala. Anaegemeza shavu mezani, kidevu kikigusa ukingo wa mji wake, ili achungulie kama mlango wa duka la saa umekaa sawa, amefumba jicho moja kwa kupima, kisha la pili nalo linafumba lenyewe. Mji huo, Muheza ya utotoni mwake, ameujenga kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto kuchezea, vinavyobanana kwa vinundu, na umemchukua miaka miwili. Kila duka limesimama kwenye kibao chake na limeunganishwa na jirani yake kwa pini mbili, ukitaka unalibandua peke yake na mtaa usitikisike. Kila ghorofa inafunuliwa kama kawa juu ya sinia, uone vilivyomo. Kuna duka la khanga, khanga zenyewe ni vigae bapa vilivyopangwa rangi kwa rangi. Kuna kinyozi mwenye kiti kinachozunguka, kuna duka la mikate, kuna fundi redio, na mwisho wa mtaa kuna duka la saa la baba yake, na juu yake chumba walichokuwa wakiishi. Majirani wanasema mwalimu amerudi utotoni. Waseme. Binti yake Rukia anamtumia vitofali kutoka Dar kwa mifuko, naye hamuulizi kitu.

Baba yake, mzee Semkiwa, amelala chumba cha pili. Mikono iliyokuwa ikishika skrubu ndogo kuliko chawa sasa haishiki kijiko, na kwa miezi minane hajamwita Mwanamvua kwa jina. Anamwita nesi. Anamwita mama. Siku moja alimwita bibie, akamuuliza kwa adabu zote kama ana watoto, na Mwanamvua akaingia jikoni akalia, kisha akarudi na uji. Kila siku jua likianza kuinama mzee anaomba arudishwe nyumbani, na nyumbani kwenyewe kulibomolewa zamani, barabara ilipopanuliwa. Ndiyo maana ya mji huu wote. Anataka baba yake aione nyumba yao, na akishaiona amwite Mwanamvua, mara moja tu, basi. Leo adhuhuri amembebea duka la saa mpaka kitandani, akafunua paa, akamwonyesha kitanda chake, beseni lake, dirisha lake la barabarani. Mzee ametazama sana. Kisha ameuliza, sasa mimi nitashukaje? Mwanamvua amecheka kidogo, akamvuta shuka, akadhani ni uzee unaosema. Ngazi hakuweka. Wajenzi wenzake wa vitofali, wa kwenye kundi la simu, hawaweki ngazi hata mmoja, ngazi inakula chumba kizima, na ya nini ngazi wakati ghorofa unaifunua kwa mkono?

Basi macho yote mawili yamefumba, na mlango wa duka la saa bado anauona. Anauona ukiwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Unamfika kifuani, unamfika kichwani, na anaponyoosha mkono kuugusa amekwisha simama mbele yake barabarani, miguu mitupu, nyayo zinamuuma kwa vinundu. Barabara ni kibao cha kijivu kilichounganishwa na kibao cha kijivu, na kingine, na kingine. Anatembea. Anapita duka la khanga, kinyozi, mikate, redio, saa. Anapita duka la khanga, kinyozi, mikate, redio, saa. Ng'ambo ya barabara ni mtaa uleule umegeuzwa, maandishi ya juu ya milango yanaanzia mwisho, na kwenye vioo vya madukani anajiona akitembea kwenda anakotoka. Mikate imejaa dirishani na hainukii kitu. Mahali fulani mbali pana sauti ya kitofali kikibana juu ya kitofali, ta, halafu kimya, halafu ta. Juu ya mapaa hakuna mbingu. Kuna uso mkubwa umelala ubavu, miwani imekaa upande, na pumzi yake ndiyo upepo unaopita barabarani. Mwanamvua anaitambua miwani. Ni yake, ile yenye mkono mmoja uliofungwa uzi.

Watu wapo. Wamesimama kila mmoja mlangoni pa duka lake, na hakuna mwenye uso. Hilo nalo ni la kwake mwenyewe. Vijitu vya plastiki vilikuja vyote na tabasamu moja, asubuhi tabasamu, jioni tabasamu, likamkera, maana Muheza aliyoijua yeye watu walikuwa na siku zao za kununa, akavigeuza vichwa vyote vikatazama ukutani. Sasa wanamwangalia kwa visogo. Kinyozi anatoka mlangoni, kitambaa begani, anamkaribia kwa kisogo hichohicho. Shikamoo mwenye mji, anasema, na sauti inatoka mahali ambapo pangekuwa na mdomo kama pangekuwa na mdomo. Marahaba, anasema Mwanamvua, maana adabu ni adabu hata huku, na kabla hajauliza hapa ni wapi anasikia juu yake dirisha likifunguliwa. Baba yake amechungulia. Ana uso. Ana uso wake wa zamani, masharubu meusi, lenzi ya fundi imebanwa jichoni. Hodi huko chini, anaita mzee Semkiwa, kuna mtu? Baba, anaita Mwanamvua, ni mimi, shuka. Mzee anamtazama kama anavyomtazama kila siku anapomletea uji. Ningeshuka bibie, anasema, nitashukaje?

Mwanamvua anakimbilia ndani. Saa zote za ukutani zinaonyesha saa kumi na dakika kumi, maana kigae cha saa kilikuwa cha aina moja tu. Dari ni bapa kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna tundu, hakuna ngazi, hakuna hata mahali palipoachwa kwa ajili ya ngazi. Anapanda juu ya meza ya kazi ya baba yake, anaweka viganja darini na kusukuma, vile anavyofanya kila siku kwa vidole viwili, na dari haitoki. Juu anasikia kandambili za mzee zikienda dirishani, zikirudi kitandani, zikienda dirishani. Kinyozi amesimama mlangoni anamngoja. Sukuma taratibu, anasema, usije ukamwamsha. Nani? Huyo wa juu, mwenye miwani. Akiamka, mkono wake unashuka na kufunga paa, na aliye juu amebaki juu. Niambie namna ya kumshusha, anasema Mwanamvua. Sisi hatuambii, anasema kinyozi, sisi tunatega. Kitendawili.

Tega, anasema Mwanamvua, na neno linamtoka kabla hajalipa ruhusa.

Ninao watoto kumi na watatu, anasema kinyozi, nawakanyaga wote asubuhi na jioni, analia mmoja tu.

Anakijua. Mungu wangu, anakijua, kilitegwa mezani kwao kila siku baada ya chakula, na mzee ndiye aliyekuwa akikitega huku akimkonyeza, na nyumba nzima ilikuwa ikicheka. Jibu liko hapa mdomoni. Mawe ya kuvukia mtoni, anasema. Siyo. Vigae vya barazani. Siyo. Kandambili. Mtu ana miguu mingapi mwalimu, anasema kinyozi, na visogo vya mtaa mzima vinatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Juu, kandambili zimesimama. Upepo wa barabarani umekatika kidogo, kama pumzi ya mtu anayekaribia kugeuka usingizini. Nipe mji, anasema kinyozi.

Kila aliyekaa na wazee akategewa vitendawili anajua hapo hufanywa nini. Ukishindwa, unampa mtegaji mji, na unachagua ulio mbali, unampa Kigoma, unampa Songea, aende zake huko ale raha na kukuletea jibu. Mwanamvua wa miaka sita hakuwa akifanya hivyo. Alikuwa mkaidi, kila akishindwa anatoa Muheza, na baba yake anashika kichwa, wewe mtoto, mji tunaoishi unaugawa, leo tutalala wapi? Mara mia alikatazwa na mara mia akautoa. Na sasa anaulizwa tena, na ulimi wake una miaka sita. Chukua Muheza, anasema.

Anajua alichokifanya mara tu anapokisikia.

Nimekwenda Muheza, anasema kinyozi, polepole, kwa utamu, watu wa Muheza wamenipokea, wameniuliza nimekuja na nini, nimewaambia nimekuja na jibu. Ni ngazi ya mzee Semkiwa. Vidato vyake kumi na vitatu, vyote vya mbao, na kinacholia kikikanyagwa ni cha saba. Mwenyewe alikipa jina. Alikiita Mwanamvua, maana mwanawe wa jina hilo naye alikuwa halali bila kulia.

Aibu inampanda Mwanamvua mpaka masikioni. Miezi minane amekuwa akimnung'unikia mzee wa watu moyoni, baba umesahau jina langu, baba umenisahau, na kumbe jina lake lilikuwa ndani ya nyumba hiyo, mzee alilikanyaga kila siku na kulicheka kila siku, na yeye ndiye aliyeliacha nje kwa sababu ngazi inakula chumba. Halii sasa. Anafanya kazi. Anatoka barabarani, anang'oa kitofali kwenye ukuta wa duka la khanga, anakibana chini ya dari, ta. Anang'oa kingine kwa kinyozi, kingine kwa mikate, kingine kwa redio, anavuka ng'ambo anang'oa kwenye maduka yaliyogeuzwa, kila duka linabaki na pengo na kila mwenye duka anageuka kumfuata kwa kisogo. Anajenga kutoka juu kuja chini na kutoka chini kwenda juu, na dari yenyewe inamwachia tundu, kana kwamba lilikuwa likingojea kuombwa. Sita chini. Sita juu. Katikati pengo moja, na vitofali havitoki tena. Anavuta mpaka kucha zinamuuma. Unavuta cha nani, anauliza kinyozi. Mji si umeshatupa sisi. Mwanamvua anasema, nipe kimoja, nakuomba, kimoja tu. Si wangu wa kutoa huo, anasema kinyozi, mji una wenyewe wengi. Lakini humu kuna kitu kimoja bado ni chako, na kipimo chake nakiona kinakaa.

Wote wamesogeza visogo, wanasubiri. Mwanamvua anapeleka mkono usoni. Hapaumi. Panatoa sauti ndogo tu, ta, na kigae bapa kimemkalia kiganjani, chenye joto, rangi ya ngozi, na anaona ajabu kwamba anaendelea kuona, ila sasa anaona kutoka kiganjani, anaona kidevu chake mwenyewe kwa chini na juu ya kidevu hakuna kitu. Anakibana mahali pa saba. Anaona dari kwa karibu. Anaona nyayo za kandambili zikitokea kwenye tundu.

Mzee Semkiwa anashuka. Anahesabu kama alivyokuwa akihesabu kila asubuhi akienda kufungua duka, ila anahesabu kwa kurudi, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, tisa, nane. Mguu unakuja. Uzito wote wa baba yake unamkalia, uzito wa mtu mzima mwenye nguvu zake, na kilio kinamtoka, kilekile, chembamba, cha mbao kavu. Mzee anasimama hapohapo. Anainamisha kichwa. Uso unamlegea, unamfunguka, anacheka. Aa, anasema, huyu namjua.

Na huko juu mwenye miwani anavuta pumzi ndefu, na anaamka.

Anaamka shavu likiwa mezani. Jua limeinama dirishani, redio ya jirani inatangaza mpira, chai yake imeingia utando. Anakaa. Anajiambia, umelala alasiri, umeota, basi, na anavuta kiti ausogelee mji wake. Kwenye duka la khanga pana pengo la kitofali kimoja. Kwa kinyozi pana pengo. Anafunua ghorofa ya duka la saa kwa vidole viwili, na ndani, kutoka sakafuni hadi darini, pana ngazi. Anavihesabu vidato kwa ncha ya kalamu, kama mwalimu. Kumi na vitatu. Vyote vya rangi mchanganyiko, na cha saba kimoja bapa, rangi ya ngozi, kimelazwa kifudifudi. Hakigeuzi. Anarudishia ghorofa taratibu.

Hapo ndipo anaposikia kandambili. Nyumba hii ya Mwanamvua ni ya chini, haijawahi kuwa na ghorofa, na baba yake hajatembea tangu mfungo uliopita. Kandambili zinashuka. Anazihesabu bila kutaka, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na ya saba inalia, nyembamba, kavu, halafu zinaendelea mpaka kumi na tatu na kufika kwenye ukumbi. Zinakuja mlangoni kwake. Kivuli cha mtu aliyesimama wima kinaingia kabla ya mwenyewe.

Mwanamvua, anaita baba yake.

Jina zima, kwa sauti ya zamani, bila kutafuta. Ni neno alilolingojea miezi minane, na machozi anayahisi yanakuja, hajui tu yatatokea wapi. Anataka kuitika abee, kama alivyofundishwa. Mwanamvua, anaita tena mzee, mbona hunigeukii? Na Mwanamvua, kisogo kimeelekea mlangoni, ananyanyua mkono polepole, anaanzia kidevuni ambako vinundu vya mji vimemwachia vishimo, anapandisha vidole, anapapasa, anatafuta mdomo.