Vifungo Saba Tumboni

Kabla hakujapambazuka, mshonaji alisikia vifungo vikigongana, ki, ki, ki. Alinyoosha mkono akashika kopo la vifungo lililokuwa chini ya cherehani. Lilikuwa limetulia. Alisikiliza vizuri, akagundua sauti inatoka tumboni mwa mjukuu wake, aliyelala ubavuni pake.

Miaka arobaini ya kushona sare za shule ilikuwa imemfundisha kuhesabu vifungo kwa sikio. Hivi vilikuwa saba, vya saizi ya shati.

"Mke mwenzangu," alimwita, maana ndivyo walivyotaniana, "tumbo linakuuma?"

"Nikishiba tu, bibi. Huku kulia. Nimezoea."

Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ugonjwa wa damu wa seli mundu aliozaliwa nao. Macho yake yalikuwa ya manjano kwa mwezi wa tatu sasa.

Kliniki, muuguzi alisoma maswali ya kila mwaka kwenye fomu.

"Kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata vijiwe vya nyongo?"

"Hakuna," alijibu mshonaji, kama alivyojibu miaka yote.

"Yupo," alisema binti yake marehemu, aliyekuwa ameketi pembeni yake kwenye benchi. Alikuwa bado na miaka kumi na mitano, na sare ileile aliyoshonewa na mama yake. Mshonaji alitazama pindo la sketi, akaona halijafumuka, akafurahi.

"Wewe si ulikuwa na seli mundu, mwanangu?"

"Na vijiwe pia, mama. Kila nilipoumwa tumbo waliandika seli mundu, wakafunga faili. Hakuna aliyetazama ndani."

Muuguzi alimgeuzia marehemu fomu. "Una uhusiano gani na mtoto?"

"Shangazi yake."

"Weka sahihi hapa. Kandamiza kalamu, nakala ziko mbili."

Daktari aliisoma fomu, akamtazama mtoto macho. Alieleza polepole kwamba damu ya watoto hawa huvunjika haraka, na rangi yake ya manjano hujazana kwenye nyongo mpaka ikaganda. Umri ukisogea, manjano yakizidi, na ukoo ukiwa na mwenye vijiwe, ni vizuri kutazama mapema. Akaandika apigwe picha ya tumbo.

Mlango wa chumba cha picha ulikuwa umebandikwa karatasi: WATOTO WA SELI MUNDU, WENYE MAUMIVU MAKALI TU. Mpiga picha alikuwa anatoka kwenda kunywa chai, kikombe mkononi.

"Mbona huyu halii?" aliuliza.

"Mimi pia nilikuwa silii," alisema marehemu. "Walinisifu kwa uvumilivu mpaka nikafa."

Mpiga picha alikiweka kikombe dirishani. Kabla ya kumpaka mtoto jeli ya kupigia picha, aliipasha moto viganjani mwake, kwa sababu baridi huwaamshia wenye seli mundu maumivu. Mshonaji hakusahau jambo hilo.

"Viko saba," alisema mpiga picha.

"Ndiyo," alisema mshonaji.

Mtoto aliongezewa damu ya mtu wasiyemjua, kisha akapasuliwa, kifuko cha nyongo kikatolewa na vijiwe vyake. Siku ya tatu alikula sahani nzima, akaomba nyingine. Mshonaji alimwombea heri yule mtu wa damu, na daktari, na muuguzi. Naye mpiga picha, mshonaji alimshonea mfuko wa koti lake uliokuwa unaning'inia.

Waliporudi kutoa nyuzi, ile karatasi ilikuwa bado mlangoni, imebandikwa gundi mpya. Kwenye benchi walikaa watoto sita, wametulia, na matumbo manne yalikuwa yakigonga, ki, ki, ki. Mshonaji aliwaambia mama zao. Mama zao wakamwambia muuguzi, naye akawajibu kwa upole kwamba karatasi imetoka juu, wasiolia warudi mwakani. Marehemu akakaa kidogo na kila mtoto, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote. Kisha akanyoosha sketi yake, akaelekea getini.

Mjukuu alimkimbilia, mkono tumboni kulinda kidonda.

"Shangazi, njoo tena. Njoo siku ambayo siumwi."