Namba Thelathini na Moja Yupo

Unyoya alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, anajaza upepo gurudumu la nyuma la baiskeli, pale karani wa ofisi ya wafanyakazi alipomrushia kitambaa cha namba.

“Thelathini na moja. Kibane kifuani, pini hizi hapa. Na fanya haraka, wenzako wanajipanga.”

Unyoya alikitazama, mkono ukabaki juu ya pampu. Kiwanda kizima cha sabuni kiliijua namba hiyo. Kila mwajiriwa alikuwa na namba yake moja tangu siku ya kuajiriwa, na hii ilikuwa ya Fundi Bomba, ambaye bomba la mvuke lilimpasukia usoni mwaka jana. Unyoya mwenyewe alilibeba jeneza. Karani naye alikuwepo mazikoni, na walipotoka makaburini alikula sahani mbili.

“Bosi, hii si ya marehemu?”

“Marehemu gani?” Karani alifungua faili lake, akaweka kidole. “Huyu yuko likizo bila malipo. Orodha ndiyo inasema, mimi nani nibishane nayo?”

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu akifia kazini, kiwanda kinatakiwa kulipa fidia. Basi ofisi haikuandika kwamba Fundi Bomba amekufa. Iliandika kwamba amepumzika, na kusema kweli hapo haikukosea sana.

Unyoya alikuwa kibarua. Miaka sita alipanga foleni getini kila alfajiri, msimamizi akimnyooshea kidole anaingia, asipomnyooshea anarudi nyumbani. Kibarua hana namba, na asiye na namba haruhusiwi kushindana. Lakini wiki iliyopita msimamizi alimwita pembeni. Mbio za kufungua msimu zimekaribia, alisema, kilomita tano kwa miguu, ishirini kwa baiskeli, mbili na nusu tena kwa miguu. Watatu wa kwanza wanaingia timu ya kiwanda, na mtu wa timu hafukuzwi ovyo. “Una mapafu wewe. Ukiwa ndani ya watatu, nakupa ajira ya kudumu. Namba utapewa kulekule.”

Kwa Unyoya, ajira ya kudumu ilikuwa na maana moja: kuamka asubuhi akijua anakokwenda. Baiskeli hakuwa nayo, akaenda kuiazima kwa mjane wa Fundi Bomba. Yule mama aliitoa chumbani, akaifuta vumbi kwa kanga yake. “Chukua, shemeji. Ukishaingia ndani usinisahau. Kesi yangu ya fidia inasikilizwa kwa afisa kazi Jumatatu. Mwezi wa tisa huu wananizungusha.”

Leo ilikuwa Jumapili. Unyoya alijua vizuri kabisa kwamba angeweza kukirudisha kile kitambaa. Alipiga moyo konde, akakibana kifuani.

Ukungu ulikuwa mzito. Filimbi ilipopigwa watu arobaini waliingia ndani yake, na baada ya dakika chache Unyoya alikuwa akisikia pumzi za wenzake bila kuziona sura zao. Njia ilizunguka mabwawa ya maji machafu ya kiwanda, ambako povu jeupe hulala ukingoni na kutetemeka bila upepo. Msimu ulikuwa ndio kwanza unafunguliwa, miguu mizito, vifua bado vina mafua ya miezi ya mvua. Kwenye kituo cha kwanza mtu asiyeonekana vizuri aliinamia karatasi yake.

“Thelathini na moja yupo!”

“Yupo,” sauti nyingine ikajibu ndani ya ukungu, na kalamu ikaandika.

Alipopanda baiskeli alikuwa wa kumi hivi. Kengele ya Fundi Bomba ilikuwa imelegea skrubu. Kila shimo la barabara lilikuwa likiipiga. Njia ilipita katikati ya nyumba za wafanyakazi, na kengele ile ilikuwa imepita hapo jioni zote kwa miaka kumi na minne. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji bombani aligeuka, akaiona namba ikitokea kwenye ukungu, akaiacha ndoo ifurike. Mlango ulifungwa. Mbele kidogo mwingine ukafungwa.

Getini mlinzi mzee alisimama, akavua kofia.

“Fundi,” alisema taratibu. “Wamekuruhusu?”

Unyoya alitaka kusema ni mimi, mzee, ni Unyoya, lakini pumzi haikutosha. Alikanyaga pedali kwa hofu, si kwa nguvu, na alipotazama chini alishangaa jinsi kiti kilivyomfaa. Fundi Bomba alikuwa mrefu kuliko yeye. Hakukumbuka kama alikishusha.

Akawapita wanne, kisha watatu. Kilomita ya kumi na tano mapaja yalimgoma. Akasikia minyororo ikimkaribia nyuma, watu watatu waliobakiwa na nguvu, na akajua mambo yamekwisha. Wa kwanza, mwendesha mashine wa zamu ya mchana, alifika ubavuni kwake. Akageuza uso, akaiona namba, akaisikia kengele. Akashika breki.

Hakuna aliyempita. Walibaki nyuma yake wote, kimya, kilomita nzima, wakienda kwa mwendo wake yeye, kama watu wanaosindikiza jeneza. Alipopunguza, walipunguza. Alitamani mmoja wao atukane tu, asikie sauti ya binadamu.

Kwenye mbio za mwisho za miguu, penye kona ya zahanati, mjane alikuwa amesimama na jagi la maji. Kila mwaka alisimama hapohapo. Alitabasamu alipomtambua Unyoya, akanyoosha kikombe. Kisha macho yakashuka kifuani.

Hakupiga kelele. Kikombe kilirudi polepole, na maji yakamwagika kwenye viatu vyake.

“Shemeji,” alisema. Basi.

Unyoya alimaliza wa tatu.

Katika hema la ofisi palikuwa na meza, karani na msimamizi. Msimamizi alimpiga begani. “Si nilikwambia? Mapafu!” Karatasi ya ajira ilikuwa tayari. Unyoya aliisoma mara mbili. Ajira ya kudumu, timu ya kiwanda, zamu ya mchana. Jina: la Fundi Bomba. Namba: thelathini na moja.

“Jina langu liko wapi?”

“Nafasi mpya hazijafunguliwa,” karani alisema. “Utaingia kwa hii. Mtu ametoka likizo, amerudi kazini. Saini hapo.”

“Na kesho kwenye kesi?”

Msimamizi alikohoa. “Kesho tutamwonyesha afisa kazi kwamba mtu huyu ni mzima, jana tu kashiriki mbio. Asiyekuwapo na lake halipo, bwana. Wewe tazama la kwako.”

Unyoya aliishika kalamu. Aliitaka ile kazi. Aliitaka mpaka mate yakamkauka. Miaka sita ya kunyooshewa kidole. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, pale penye saini: AMEFARIKI. NILIMBEBA.

Karani hakukasirika. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akachomoa nyingine safi. “Saini yako ilikuwa hisani tu,” alisema. “Vituo vyote vitano vimeandika yupo.”

Unyoya aliirudisha baiskeli akiikokota. Mjane alikuwa ameketi kizingitini, hakumtazama. Akamweleza yote, bila kujipendelea.

“Ulipoiona namba, uliijua?”

“Niliijua.”

“Ukaivaa.”

“Nilitaka kazi, shemeji.”

Mama yule aligeuka kutazama ndani. Ndani ya chumba, nguo za kazi za mumewe bado zilining’inia nyuma ya mlango.

“Kesho nakuja na kitambaa hiki kifuani,” Unyoya alisema. “Nitasimama mbele ya afisa kazi. Waseme wenyewe huyu aliyevaa ni nani.”

“Watakufukuza.”

“Wamfukuze nani? Kwenye orodha simo.”

Ndipo mama yule alipoinua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu pale kwenye kona. Yalikuwa makavu, na yalikuwa na hasira ambayo Unyoya alijua nusu yake ni ya kwake.

“Wanafungua saa mbili,” alisema. “Mimi huwa nashika foleni saa kumi na mbili. Usichelewe.”